Pengo la Ordell Pettway

Mtu wa kushoto kwangu alikuwa hayupo, na nilipigwa kwa kosa la kumkanyaga.

Sitanii. Tulieni niwape mkasa wote, na ukiona unakukera jua ndivyo nilivyokusudia.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1994, Alabama, kwenye uwanja wa mazoezi wa chuo ambacho sitakitaja. Si kwamba nakiogopa. Nikikitaja tu, mtaanza kubishana kuhusu chuo badala ya kusikiliza.

Jua la saa nane mchana. Begani nimebeba tuba, lile tarumbeta kubwa la bendi za gwaride, linalokuzunguka mwili kama chatu na kufungua mdomo juu ya kichwa chako. Mkono wa kushoto ulishakufa ganzi tangu asubuhi.

Tunatembea mstari mmoja, sisi wageni wa kikosi cha tuba. Kulia kwangu yupo Quincy Sturdivant, kijana mwembamba wa miwani asiyejua kunyamaza. Kushoto kwangu pana nafasi tupu, upana wa mtu mmoja. Halafu ndiyo mstari unaendelea.

Sasa, yeyote aliyewahi kutembea na bendi anajua. Pengo kwenye mstari ni aibu. Ukiliona unaliziba. Miguu inaliziba yenyewe kabla akili haijaamua.

Nikasogea kushoto.

Fimbo ya ngoma kubwa ikatua pajani. Pwaa!

"Wewe kiluwiluwi! Unajua umemkanyaga nani?"

Huyo ni Lamont Broadnax, mkuu wa kikosi chetu, mwanafunzi wa mwaka wa nne, kifua kama mlango wa ghala.

Nikatazama chini. Nyasi.

"Umemkanyaga Ordell Pettway! Muombe radhi!"

"Yuko wapi nimuombe?"

Pwaa! Paja la pili.

"Samahani, Ordell," nikaiambia hewa.

"Kaka Ordell!"

"Samahani, Kaka Ordell."

Quincy akanong'ona bila kutikisa mdomo, "Amekusamehe. Ameniambia mimi."

Nilicheka. Kosa jingine. Tulizunguka uwanja wote na matuba begani mpaka jua likachoka kabla yetu.

Jina langu Vernita Tolliver. Nimelelewa na Bibi, mama wa mama yangu, huko kwetu kwenye kaunti ambayo ukirusha jiwe gizani unampiga mtu wa ukoo wa Pettway. Ndiyo maana jina la huyo Ordell, waliyesema ni marehemu wa bendi, halikunishtua. Pettway ni wengi kuliko nguzo za umeme.

Tuba nililipata shuleni kwa sababu wavulana walilikimbia. Chuo kilinichukua kwa ajili ya hilo tuba. Sharti lilikuwa moja, tena halikuzungushwa. Ukitembea na bendi, unasoma bure. Ukitoka kwenye bendi, unarudi kwa bibi yako.

Kwa hiyo mnaposoma haya, mjue nilikuwa nimebeba nini begani.

Mwaka wa kwanza kwenye bendi huna jina. Unaitwa kiluwiluwi, maana bado hujaota miguu. Wavulana wananyolewa vipara. Hamtembei chuoni isipokuwa kwa mstari, mmepangwa kwa urefu, macho kwenye kisogo cha aliye mbele. Ukikutana na mkubwa wa bendi unasimama, unamwamkia kwa majina yake yote na mji aliozaliwa. Ukikosea mji, ni kama umemtukania mama.

Na kila mahali mnakokwenda, Ordell anakwenda nanyi.

Mlangoni mnamwachia nafasi apite. Kwenye bwalo kiti chake kinawekwa, na sahani yake inajazwa kuku, mboga na mkate wa mahindi. Mnasimama na kupiga kelele, "Ordell yupo!" ndipo mnakaa. Mkimaliza, Broadnax anavuta ile sahani na kuila.

"Marehemu ana njaa kweli," Quincy alininong'oneza siku moja. "Tena anakula kwa tumbo la mtu mwingine."

Nikauliza alikufaje.

Broadnax alisema basi la bendi lilipinduka likitoka Georgia, Ordell akalikumbatia tuba lake lisibondeke, akafa amelikumbatia. Alipomaliza kusimulia macho yake yalikuwa yamelowa. Nilimwamini.

Wiki iliyofuata mkubwa mwingine akasema Ordell alidondoka uwanjani kwa joto, akapuliza noti ya mwisho akiwa chini.

Wa tatu akasema mto. Alizama akimwokoa mpiga ngoma.

Kila mtu alimuua kivyake. Niliweka yote kichwani, maana kichwa changu kina tabia hiyo mbaya. Hakitupi kitu. Lakini sikusema. Kiluwiluwi hasemi.

Ngoja niwaambie jambo kuhusu ganzi. Watu wanadhani ganzi inakuja ghafla. Hapana. Inaanza vidole viwili vya mwisho, inapanda kwenye kiwiko, inafika begani, na kufikia Septemba hujui imeishia wapi. Fimbo ikitua naisikia kwa masikio tu. Chakula nilikuwa nakimeza kama kazi. Bibi alipopiga simu akauliza, "Unafurahi, mwanangu?" nikasema "Ndiyo, Bibi," kwa sauti ileile niliyokuwa namwamkia Broadnax.

Basi ikafika Wiki ya Kurudi Nyumbani.

Wahitimu wa zamani wote wanarudi chuoni, wanachoma nyama kwenye maegesho, wanavaa rangi za chuo mpaka mbwa wao. Jumamosi kuna mechi, lakini nani anakuja kwa ajili ya mechi? Mpira ukichezwa watu wanakwenda kununua kambare wa kukaanga. Mapumziko yakifika wanarudi mbio, kwa sababu mapumziko ni ya bendi. Kwetu timu inaweza kufungwa ikasamehewa. Bendi haifungwi.

Na ndiyo siku viluwiluwi wanaingia uwanjani na sare kwa mara ya kwanza. Ukiingia, una jina. Una chuo.

Jumatano ya wiki hiyo, Quincy alitania mezani.

Broadnax alikuwa anapeleka paja la kuku la Ordell mdomoni. Quincy akasema, kidogo tu, "Mpunguzie chumvi, Kaka, marehemu ana presha."

Meza nzima ikafa kwa kicheko. Hata Broadnax midomo ilimcheza, nilimwona. Lakini wakubwa wenzake walikuwa wanamtazama.

"Nje," akasema.

Nyuma ya jengo la bendi kuna kiwanja cha saruji kisicho na kivuli. Walimpa Quincy matuba mawili, moja kila bega, wakamwambia asimame mpaka Ordell atakapomsamehe. Sisi tukapangwa mstari tumtazame. Saa sita, saa saba. Mwanzoni alikuwa akitania. "Ordell, ndugu yangu, nimekukosea nini?" Halafu akanyamaza. Quincy kunyamaza! Hapo ndipo ningepaswa kujua.

Alianguka kifudifudi. Saruji na shaba vikalia kwa pamoja.

Walimmwagia maji. Hakuamka. Wakampakia kwenye gari la Broadnax, kichwa kikining'inia.

Mkurugenzi wetu wa bendi, Profesa Crenshaw, ana mnara wa chuma anaosimama kutazama mazoezi. Kutoka pale juu unaona mpaka kile kiwanja. Nilinyanyua macho. Alikuwa anatazama. Akateremka ngazi polepole, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Ule mlango naukumbuka kuliko uso wake.

Broadnax alirudi jioni kutoka hospitali. "Figo zimeshtuka, lakini yuko hai. Aliteleza bafuni. Mmesikia? Jumatatu mlezi wa wanafunzi atawaita mmoja mmoja. Aliteleza bafuni. Anayetaka kutembea na bendi hii, anajua la kusema. Anayetaka kuwa mchomaji, mlango huo."

Mchomaji, yaani anayekwenda kuwasema wenzake, ndiye mtu wa chini kabisa duniani. Chini ya mwizi. Mwizi angalau ana marafiki.

Nilikwenda kula. Maharage mekundu na wali. Sikusikia ladha yoyote, nikaongeza sahani nyingine kuhakikisha.

Jumamosi ikafika.

Bibi alikuja na basi la kanisa, akina mama wa kwaya wote, na kofia zao za Jumapili. Dereva alikuwa Shemasi Pettway, mwanaume mkimya wa miaka arobaini na kitu, ambaye sisi watoto wa kanisa tulimjua kwa jina hilo moja tu. Shemasi. Hajawahi kuipenda safari ya mji ule. Kila mara alikuwa akisingizia injini.

"Safari hii nimemburuta," Bibi akaniambia getini, akinikagua sare. "Nimemwambia mtoto wetu anacheza leo, na wewe utashuka kwenye hilo basi ukae kwenye kiti kama binadamu. Mbona umekonda?"

"Mazoezi, Bibi."

"Mazoezi gani yanakula mashavu?"

Shemasi alitazama jinsi nilivyoushika mkono wangu wa kushoto kwa mkono wa kulia. Alitazama muda mrefu.

Mapumziko. Tukaingia.

Ningependa kuwaambia moyo ulidunda. Haukudunda. Uwanja mzima umesimama, ngoma zinapiga mpaka meno yanacheza, nami niko ndani ya sare yangu kama mtu aliyemsindikiza mwenye sare. Tulijipanga katikati ya uwanja. Kulia kwangu, alipokuwa Quincy, walimweka mgeni mwingine. Pengo hilo walilijaza haraka. Kushoto kwangu, pengo.

Hapa sasa ndipo walipojichongea.

Miaka yote Ordell alikuwa mali ya kikosi cha tuba. Jina lake halitoki nje ya chuo. Lakini hadithi ilikuwa imenenepa mpaka wahitimu wenyewe, watu wazima na vitambi vyao, wakaona haitoshi kuililia ndani. Wakaenda kwa mtangazaji wa uwanja.

"Mabibi na mabwana!" spika zikanguruma. "Mtaona pengo kwenye mstari wa tuba. Nafasi hiyo ni ya mwana wa chuo hiki aliyetoa uhai wake kwa ajili ya bendi. Tusimame kimya kumkumbuka hayati Ordell Pettway!"

Kofia zikavuliwa. Uwanja ukawa kimya, ungesikia mafuta ya kambare yakichemka kule nje.

Kutoka jukwaa la mashariki ikapasuka sauti moja. Naijua sauti hiyo. Ndiyo inayoongoza kwaya yetu, haihitaji spika.

"ORDELL! MBONA WANASEMA UMEKUFA?"

Watu wakageuka. Bibi yangu amesimama, kofia ya zambarau, anamvuta mkono mwanaume aliyekaa pembeni yake.

"Simama wakuone! Huyu hapa! Kaja na basi!"

Shemasi alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini.

Jukwaa zima likaanguka kwa kicheko. Mtangazaji akakohoa kwenye spika. Kiongozi wa gwaride akapuliza filimbi kutuokoa, tukaanza kupiga wimbo ambao haukuwa wa pale, nusu ya bendi huku, nusu kule. Nilimwona Broadnax kwa pembeni. Alikuwa anapuliza, lakini tuba lake halikutoa sauti.

Baada ya kutoka uwanjani nilikwenda moja kwa moja kwenye basi la kanisa. Shemasi amekaa kwenye ngazi ya mlango, glasi ya chai baridi mkononi. Bibi amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Nimekufaje?" Shemasi akaniuliza.

"Basi lilipinduka. Ulikuwa umelikumbatia tuba."

Akatikisa kichwa. "Afadhali. Nilijua watanipa kifo kibaya zaidi."

"Ilikuwaje, Shemasi?"

Akanyoosha mkono wa kushoto. Kiwiko hakikunyooka.

"Mwaka wa sabini na moja. Nilikuwa mgeni kama wewe. Walinivunja hapa, nikaenda kusema. Chuo kikawafukuza wawili, kikarudi kulala. Kikosi kikapitisha amri, hakuna wa kusimama karibu na mchomaji. Nikawa natembea na nafasi tupu huku na nafasi tupu huku. Bwaloni kiti cha pembeni yangu hakikaliwi. Sahani yangu wanaitemea mate kwanza, ndipo wananipa. Nilivumilia mpaka Krismasi."

"Na pengo?"

"Nilipoondoka waliliacha makusudi, ili kila mgeni aulize, aambiwe hapo alikuwa mchomaji. Ilikuwa onyo, binti." Akanywa chai. "Walionitemea wakahitimu. Waliofuata wakakuta pengo hawajui la nini, wakalijaza maiti."

Bibi akasema, "Mungu anawaona," lakini kwa sauti ndogo, isiyo ya kwaya.

Nikawaambia yaliyompata Quincy. Hapo ndipo Broadnax alipofika. Alikuja anakimbia, sare imelowa. Alipomwona mtu aliyekaa kwenye ngazi, mwili wake ulifanya ulichozoeshwa. Akasimama wima, visigino pamoja, kidevu juu.

"Kaka Ordell! Ni heshima kubwa, bwana!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Ya kweli. Nawaambieni alikuwa anampenda yule mtu.

Shemasi akamtazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani aliyevunja dirisha.

"Mwanangu, ningekuwa kwenye mstari wako wiki hii, nikaenda kusema kilichompata yule mwenzenu, ungenifanyaje?"

Broadnax akashusha kidevu.

Alipogeuka kuondoka alipita karibu yangu, akasema chinichini, "Haibadilishi kitu. Jumatatu aliteleza bafuni."

Nikamuuliza Shemasi, "Ulijuta?"

"Kila Septemba. Shule zikifunguliwa." Akasimama, akafuta suruali. "Mimi sikumaliza chuo, Vernita. Naendesha basi. Usinitazame mimi kama kibao cha njia. Kiwiko kilivunjika, nikasema kimevunjika. Basi."

Jumatatu.

Mlezi wa wanafunzi, Dakta Lockhart, alikuwa mama mnene mwenye miwani ya mnyororo. Waliotangulia waliingia na kutoka. Aliteleza. Aliteleza. Aliteleza bafuni, Dakta.

Nikaingia mimi. Na kwenye kiti cha pembeni, mgongo umepinda, mkanda wa hospitali bado mkononi, amekaa Quincy.

"Bwana Sturdivant ameshatueleza," Dakta Lockhart akasema. "Aliteleza bafuni. Nakuuliza kukamilisha tu."

Nikamtazama Quincy. Akatazama dirishani.

Nilingoja kitu kinipande kifuani. Hasira, woga, chochote. Hakikuja. Niliona tu nina mdomo, na nilichokiona ninakijua.

"Hakuteleza," nikasema. Nikasema kiwanja, matuba mawili, fimbo, Broadnax, mnara wa Profesa Crenshaw na mlango wake. Nilisema kwa sauti ya kusoma ratiba.

Dakta Lockhart akavua miwani. "Una uhakika? Mwenyewe anakana."

"Quincy," nikasema, "waambie."

Akageuka. Ile midomo iliyokuwa haijui kunyamaza ikasema, "Sijui kwa nini anasema hivi, Dakta. Tangu alipokanyaga pengo wamemwadhibu, ana kinyongo na kikosi."

Ikaisha hapo. Kufikia Ijumaa nilikuwa nimetolewa kwenye bendi, tuba amepewa mwingine, na kitanda changu bwenini pia. Shemasi alikuja kunichukua na lile basi, viti vyote vitupu, mimi na sanduku. Bibi alifungua mlango, akanitazama, akauliza, "Umekula?"

Sikumaliza chuo. Yote niliyosoma baada ya hapo nilisoma mwenyewe, maktaba ya mji, na sijaacha.

Crenshaw alistaafu kwa karamu. Broadnax sasa ni mwalimu wa bendi, mji mwingine, watoto wa watu wako mikononi mwake. Na Quincy? Alitembea miaka yake yote. Mwaka uliofuata, viluwiluwi wapya walipoingia uwanjani, aliyeshika fimbo ya ngoma alikuwa Quincy. Nimeambiwa alipiga kuliko Broadnax. Nimeambiwa pia alikuwa anachekesha sana.

Mkono wangu ulipona mwaka uleule. Sehemu nyingine bado naingoja.

Sasa funzo, maana najua wengine mmeruka mpaka hapa chini.

Ukimsemea aliyeumia, usitegemee atasimama upande wako. Ana vyake vya kupoteza, na anaweza kukuuza ukiwa umekaa mbele yake. Wewe sema ulichokiona, kwa sababu ulikiona.

Na wakikwambia jambo ni mila, waulize lilianza siku gani, na siku hiyo nani alikuwa analia.